Kipimo cha mate cha kujua jinsia ya mtoto: namna ya kukikagua kabla hujakilipia

Tangazo huwa fupi. Tema mate kwenye kichupa, subiri dakika chache, rangi ikigeuka hivi ni wa kiume, ikigeuka vile ni wa kike. Chini yake kuna namba ya kutuma pesa, ushuhuda wa akina mama wanne, na maneno "usahihi 98%". Mjamzito wa wiki ya saba ambaye mama mkwe ameshaanza kumuuliza maswali atashawishika, na simlaumu.

Niseme msimamo wangu mapema. Hakuna kipimo cha homoni za mate kinachotumika katika huduma ya kawaida ya wajawazito ili kutambua jinsia ya mtoto, na si kwa sababu wazo ni jipya. Mwaka 1952 jarida la kisayansi la Science lilichapisha makala ya watafiti Rapp na Richardson kuhusu kipimo cha mate cha kutambua jinsia kabla ya kuzaliwa. Zaidi ya miaka 70 imepita, maabara zimeendelea kupita kiasi, na bado mkunga wako hakupi kichupa uteme mate. Lakini ukijua hilo tu, kesho bidhaa itabadilishwa jina na utauziwa mbuzi kwenye gunia upya. Afadhali ujue kukagua mwenyewe.

Hatua ya 1: Mwambie muuzaji ataje anachopima

Usiulize "je, kinafanya kazi?" Jibu lake unalijua. Uliza: "Kinapima nini ndani ya mate?" Majibu yatakuwa ya aina tatu.

La kwanza ni homoni. Hapo mbane: homoni ipi? Testosteroni (homoni ya kiume), estrioli au projesteroni (homoni za kike), au hCG ambayo ndiyo homoni ya mimba? Anayesema "homoni za mtoto" akaishia hapo hajui anachouza.

La pili ni vinasaba vya mtoto. Mate ya mama yamejaa vinasaba vya mama mwenyewe, kutoka kwenye seli za shavu lake na chembe nyeupe za damu yake. Vipande vya vinasaba vya mimba ambavyo maabara hutumia kutambua jinsia hutafutwa kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, si mdomoni.

La tatu, ambalo halisemwi wazi, ni kwamba kinapima uchachu tu. Rangi inayobadilika kwa asidi itabadilika hata kwa mate ya shemeji yako wa kiume. Hiki ni ndugu wa kile kipimo cha mkojo na magadi ya kupikia, na usipoteze muda nacho.

Tuwatendee haki watu wa mate, hata hivyo. Homoni kama kotisoli (homoni ya msongo), testosteroni na estrojeni (homoni za kike) hupenya kutoka kwenye damu hadi kwenye tezi za mate, na maabara huzipima kweli. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo kilichoitwa SalEst, kilichopima estrioli kwenye mate ili kubashiri uchungu wa kabla ya wakati. Mwaka 2023 kipimo cha mimba kwa mate kiliingia madukani Uingereza. Kwa hiyo usibishane na muuzaji kwamba mate hayapimiki. Yanapimika. Hoja ni kama homoni iliyomo inajua lolote kuhusu jinsia ya mtoto.

Hatua ya 2: Fuata safari ya homoni kutoka kwa mtoto hadi mdomoni kwako

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, nami nitakaa hapa kidogo.

Hadithi ya muuzaji ni hii: mtoto wa kiume ana korodani, korodani hutoa testosteroni, testosteroni huingia kwa mama, mama huitema. Sehemu mbili za mwanzo ni kweli. Ya tatu ndiyo yenye kasoro.

Kati ya mtoto na mama kuna kondo la nyuma, na kondo lina kimeng'enya kiitwacho aromatasi ambacho kazi yake ni kuzigeuza homoni za kiume kuwa estrojeni. Testosteroni ya mtoto ikifika pale, nyingi hubadilishwa kabla ya kuvuka. Tunajua ulinzi huo ni wa kweli kwa sababu upo ugonjwa adimu ambao kondo hukosa aromatasi, na mfano wake ulielezwa na madaktari wa Japani mwaka 1991. Mama mwenye mimba ya namna hiyo huota chunusi na ndevu, na sauti yake huwa nzito. Kama testosteroni ya mtoto wa kiume ingekuwa inapita tu kwa mama, basi kila aliyebeba mvulana angepata hali hiyo.

Halafu mama naye ana testosteroni yake, kutoka kwenye ovari na tezi za juu ya figo. Katika ujauzito kiwango cha jumla kwenye damu hupanda, awe amebeba wa kiume au wa kike, kwa kuwa protini inayobeba homoni hizi huongezeka. Mwanamke mwenye PCOS, ile hali ya ovari kuwa na vifuko vidogo vingi, mara nyingi huwa na testosteroni ya juu tangu kabla ya mimba. Kipimo cha aina hii kitamwambia "mvulana" kila akibeba.

Vipi kuhusu hCG? Hapa kuna ukweli kidogo, na ndiyo maana wauzaji wenye kusoma huutaja. Tafiti zimeonyesha kwamba, kwa wastani, damu ya akina mama waliobeba wasichana ina hCG ya juu kuliko ya waliobeba wavulana. Neno la kushika ni "kwa wastani". Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, lakini nikikuambia kuna mtu nyuma ya pazia ana urefu wa sentimita 168, utathubutu kuweka rehani shamba kwamba ni mwanamume? Kwenye hCG hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa makundi mawili yanaingiliana mno, na kiwango cha mama mmoja hutegemea wiki ya mimba na kama ni mapacha.

Ukimpata muuzaji anayeweza kukueleza namna homoni yake inavyovuka kondo na kumtofautisha mama na mtoto, msikilize. Wengi watakutumia emoji ya kucheka.

Hatua ya 3: Linganisha wiki na maumbile

Chukua kadi ya kliniki, hesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kisha tazama kwenye pakiti kipimo kinadai kuanza wiki ya ngapi.

Korodani za kijusi huanza kujitofautisha karibu wiki ya 6 hadi ya 7 baada ya mimba kutungwa. Testosteroni huanza kutoka karibu wiki ya 8 baada ya kutungwa, yaani wiki ya 10 kwa hesabu ya kliniki. Kipimo cha homoni kinachodai kusoma jinsia wiki ya 5 au ya 6 kinasoma barua ambayo haijaandikwa. Hata kama kondo lingekuwa wazi kabisa, hakuna kitu cha kupita.

Hatua ya 4: Soma maelekezo ya kukusanya mate

Hapa utajua kama aliyetengeneza kifaa amewahi kuingia maabara.

Mtu anayepima homoni za mate kwa dhati atakutaka usile wala kupiga mswaki kwa muda fulani kabla, usukutue kwa maji kisha usubiri, uinamishe kichwa na kuacha mate yatiririke yenyewe kwenye kichupa bila kukohoa makohozi, uandike saa, na sampuli ihifadhiwe kwenye baridi. Saa ina maana kubwa, kwa sababu testosteroni na kotisoli huwa juu asubuhi na kushuka jioni. Hata pamba ya kunyonyea mate inaweza kupotosha kipimo cha testosteroni, kwa kuwa pamba ni mmea na ina kemikali zinazofanana na homoni hiyo machoni pa kipimo.

Kuna jambo jingine linalowahusu wajawazito moja kwa moja. Fizi za mjamzito huvimba na kutoka damu kirahisi. Wengi hulijua hilo wanapopiga mswaki na kuona povu la waridi. Damu ina homoni nyingi kuliko mate, hivyo tone dogo tu linatosha kuharibu kipimo. Kama karatasi ya maelekezo haigusi suala la damu ya fizi, na bidhaa imetengenezwa kwa wajawazito, nadhani umeshapata jibu.

Tazama pia namna ya kusoma majibu. Vifaa vingi vya rangi huja na picha mbili zilizochapishwa, tuseme njano na nyekundu. Unapokaa chini ya taa ya jikoni saa moja usiku, unachokiona ni rangi ya chungwa. Karatasi inasema: "Rangi ikiwa ya kati, rudia kwa kifaa kipya." Sasa waliopata chungwa wanahesabiwa wapi katika ile 98%? Hawahesabiwi popote. Wamenunua mara mbili, basi.

Hatua ya 5: Ivunje hiyo asilimia

Jambo la kushika kabla ya yote: kubahatisha jinsia kunakupa nusu ya majibu sahihi bure. Duniani huzaliwa takriban wavulana 105 kwa kila wasichana 100. Afrika kusini mwa Sahara uwiano ni mdogo kidogo, karibu 103. Ukimwambia kila mjamzito "ni wa kiume" bila hata kumtazama, utapatia kwa takriban 51 kati ya 100. Bibi anayesoma umbo la tumbo, jirani anayetazama kama unakula udongo wa pemba, na yule anayesema mtoto wa kike humnyang'anya mama urembo, wote wanaanzia hapo. Na kipimo cha mate kinaanzia hapo hapo.

Kwa hiyo ukiambiwa asilimia, uliza maswali haya.

*Kati ya wangapi?* Chukua sarafu, irushe kubashiri jinsia za watoto kumi. Uwezekano wa sarafu kupatia saba au zaidi ni 17%, karibu mara moja katika kila sita. Ina maana kwamba watu sita wakijaribu sarafu zao kwa marafiki kumi kila mmoja, mmoja wao anaweza kuibuka na "usahihi 70%" na kufungua duka. Kwa watoto 20, sarafu kupatia 15 au zaidi ni 2% tu. Namba ikikua, bahati inakosa pa kujificha. Madai ya kweli huhitaji mamia ya wajawazito.

*Wote walifuatiliwa hadi kujifungua?* Kama walianza 300 na majibu yaliyohesabiwa ni ya 120 waliorudisha ujumbe, wale 180 wako wapi? Aliyeambiwa mvulana akapata msichana mara nyingi hana hamu ya kumwandikia muuzaji. Aliyepatia hutuma picha ya mtoto akiwa bado wodini. Hivyo ndivyo kurasa za ushuhuda zinavyojaa, na hakuna aliyedanganya.

*Jibu liliandikwa na kufungwa kabla ya ultrasaundi?* Rangi ya chungwa ikisomwa baada ya picha, itasomeka inavyotakiwa.

*Asilimia ni ya wavulana, ya wasichana, au ya wote?* "Kimewatambua wavulana wote" ni sentensi ya kweli kwa kipimo kinachosema "mvulana" kwa kila mtu. Dai namba mbili: kati ya waliojifungua wa kiume wangapi waliambiwa wa kiume, na kati ya waliojifungua wa kike wangapi waliambiwa wa kike. Akikupa moja, ile ya pili ndiyo mbovu.

*Nani alihesabu?* Kama ni kampuni yenyewe na hakuna jarida la kitaalamu lililochapisha, chukulia kama tangazo.

Hatua ya 6: Usitulizwe na "pesa yako itarudishwa"

Piga hesabu. Tuseme kifaa kinauzwa shilingi 60,000 na muuzaji amekinunua kwa 10,000. Wanawake 100 wananunua: zimeingia 6,000,000. Kipimo ni cha kubahatisha, kwa hiyo 50 wanakosea. Hata wote 50 wakidai na wote wakalipwa, zimetoka 3,000,000. Toa milioni moja ya kununulia vifaa, muuzaji amebaki na milioni mbili, na hakuna alichofanya isipokuwa kubahatisha. Kwa kweli hata hao 50 hawadai wote. Miezi saba imepita, mtoto mchanga analia, risiti haijulikani iko wapi, na namba ya simu haipatikani.

Marekani wameyaona haya kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2005 kampuni ya Acu-Gen ya Lowell, Massachusetts, iliuza kipimo cha damu cha nyumbani kilichoitwa Baby Gender Mentor, ikidai usahihi wa 99.9% tangu wiki ya 5 na kuahidi kurudisha pesa mara mbili kwa atakayekosewa. Malalamiko yalifuata, kisha kesi mahakamani. Ahadi ya kurudisha pesa haikuwa ushahidi wa chochote.

Hatua ya 7: Angalia usajili

Fupi tu. Tanzania vifaa tiba na vitendanishi husimamiwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Uliza namba ya usajili na uihakikishe kwa mamlaka yenyewe, si kwa picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Pakiti ikiwa na maneno "kwa burudani tu" kwa herufi ndogo, mtengenezaji ameshakujibu mwenyewe.

Hatua ya 8: Kilinganishe na njia zinazofanya kazi

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba plazma ya mama aliyebeba mtoto wa kiume ina vipande vya kromosomu Y, ile sehemu ya vinasaba ya wanaume. Mama hana Y, hivyo ikionekana, imetoka kwenye mimba. Hapo ndipo ubora wa njia hii ulipo ukilinganisha na homoni: inatafuta kitu ambacho mama hana kabisa, badala ya kitu ambacho anacho pungufu au zaidi. Mwaka 2011 uchambuzi wa tafiti 57 uliochapishwa kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, ulikuta kipimo hicho kikiwatambua wavulana kwa 95.4% na kuwatofautisha wasichana kwa 98.6%. Ulikuta pia kwamba kabla ya wiki ya 7 hakitegemeki, na kwamba mkojo haufai. Hospitalini kipimo cha damu cha vinasaba kwa kawaida hufanywa kuanzia wiki ya 10. Lengo lake kuu ni kuchunguza kasoro za kromosomu, jinsia ni nyongeza. Ni ghali, na kwa miji mingi ya kwetu sampuli husafirishwa nje ya nchi. Toleo la kujitoboa kidole nyumbani lina hatari yake: mwanamume akishika vifaa, kromosomu Y yake inaweza kuingia na ukaambiwa mvulana. Na kama uliwahi kupandikizwa kiungo kilichotolewa na mwanamume, mwambie daktari kabla ya kupima, kwa kuwa nacho kinaweza kuacha Y kwenye damu yako.

Kwa ultrasaundi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na kundi la daktari Nicolaides la London ulipatia 70.3% katika wiki ya 11, 98.7% wiki ya 12, na 100% wiki ya 13. Hao ni mabingwa wenye mashine nzuri. Usitarajie hivyo kila mahali. Kati ya wiki ya 18 na 22, wakati viungo vya mtoto vinakaguliwa, jinsia huonekana vizuri mtoto akikaa vyema. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24, kwa hiyo picha hiyo unaihitaji hata kama jinsia haikuhusu. Pesa ya kichupa cha mate ingefaa kuchangia hapo.

Kutoa maji ya mimba kwa sindano nako kunajibu kwa uhakika, lakini kuna hatari ya mimba kutoka. Hakufanywi kwa udadisi.

Wako wanaohitaji kweli kujua mapema: familia zenye magonjwa yanayorithiwa kupitia kromosomu X, ambayo huwapata zaidi wavulana, kama hemofilia (damu kutoganda) au udhaifu wa misuli wa Duchenne. Hao waende kwa daktari bingwa, wasiguse kichupa. Selimundu, ambayo wengi huniuliza, haimo katika kundi hilo; huwapata wa kike na wa kiume sawasawa.

Na kwa wanaosafiri kutibiwa India: sheria ya huko ya mwaka 1994 inakataza kumwambia mjamzito jinsia ya mtoto. Mhudumu akikataa kukujibu, anaogopa sheria, hajakudharau.

Ukiwa umeshapima

Chukulia jibu kama ulivyochukulia la bibi. Usinunue nguo zote za rangi moja, usitangaze jina msikitini wala kanisani, na usimwambie mume kama unajua jibu litaleta ugomvi. Uamuzi wowote mkubwa kuhusu mimba usijengwe juu ya kichupa hicho. Ikiwa ndani ya nyumba kuna vitisho kwa sababu ya jinsia ya mtoto, mweleze mkunga mkiwa wawili tu. Amezoea kuyasikia hayo kuliko unavyodhani.

Siku ya ultrasaundi, mwambie mpigaji picha tangu mwanzo kama unataka kujua au hutaki, maana wengine hutamka bila kuuliza. Muulize ni wiki ya ngapi, ameona nini hasa, na ana uhakika kiasi gani. "Naona kama msichana" na "nimeona sehemu zake waziwazi" ni majibu tofauti, na kamba ya kitovu ikipita katikati ya miguu imeshawahi kuitwa uume. Mtoto akiwa amekunja miguu, omba utoke nje utembee kidogo, unywe kitu, kisha urudi zamu ya mwisho. Asipogeuka, picha ya safari ijayo itatosha.